Namna ya kumtoa kijana mezani na kumfikisha rafuni

Ingia maktaba ya mkoa Tanzania saa tisa alasiri siku ya shule, utakuta meza zimejaa. Sare, madaftari, mitihani ya miaka ya nyuma iliyodurufiwa mpaka maandishi yamefifia, mabegi chini ya viti. Kisha tazama rafu: hakuna aliyesimama mbele yake. Vijana hawa wamefuata meza, taa na utulivu, vitu ambavyo nyumbani kwenye chumba kimoja na wadogo zao wanne havipatikani. Vitabu vyetu kwao ni kama mapazia ya ukumbi.

Mwongozo huu ni wa mkutubi, au wa mwalimu aliyekabidhiwa ufunguo wa maktaba ya shule bila kuulizwa, anayetaka kumvusha kijana huyo hatua tano sita kutoka kwenye meza hadi kwenye rafu. Habari za majengo na wafadhili siziingii. Kazi ninayoieleza inawezekana kwa vitabu arobaini na mtu mmoja, ilmradi mtu huyo avisome kwanza yeye mwenyewe. Sehemu ya kujisomea ndiyo ngumu, na ndiyo inayorukwa, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Hatua ya 1: Amua unamhudumia nani

Sera ya Maendeleo ya Vijana ya Tanzania ya 2007 inamhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35. Ukibandika tangazo la "huduma kwa vijana" utapata kinababa wanaotafuta semina ya ujasiriamali. Shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, katika mwongozo wake wa huduma kwa rika hili linataja miaka 12 hadi 18, na huo ndio mpaka unaotufaa: darasa la saba mpaka kidato cha sita, pamoja na wale wa umri huohuo waliokwisha kuacha shule. Hao wa mwisho usiwasahau. Ukiandika "wanafunzi" kwenye tangazo, umeshawafukuza.

Hatua ya 2: Hesabu wiki mbili kabla ya kununua chochote

Chukua daftari. Mara tatu kwa siku, saa nne, saa nane na saa kumi, simama mahali pamoja, tazama, andika mstari mmoja. Usiwaulize maswali, maana ukiuliza "unapenda kusoma vitabu gani?" watakujibu unachotaka kusikia. Mistari yako itafanana na hii:

"Jumanne, saa 10. Wasichana 11, wavulana 19. Waliofika rafuni: 2. Wote wawili kamusi."

"Alhamisi, saa 8. Mvulana wa kidato cha pili. Gazeti la michezo dakika ishirini, kalirudisha limekunjwa vizuri."

Baada ya wiki mbili utajua mambo ambayo dodoso lisingekuambia: wasichana wanaondoka saa ngapi (mara nyingi mapema, kuna kupika), nani anakuja na simu, kundi lipi linakaa kwenye kona ipi. Utagundua pia kwamba mahali penye watu wengi kuliko pote ni penye soketi ya kuchajia. Liweke akilini hilo.

Hatua ya 3: Jisomee

Jipe miezi mitatu, na uanze na vitabu vyenyewe kabla ya vitabu vinavyozungumzia vitabu. Margaret Edwards, mkutubi wa Baltimore, Marekani, aliyeijenga huduma ya vijana katika maktaba ya Enoch Pratt, alikuwa hamruhusu msaidizi wake kujiita mkutubi wa vijana mpaka awe amesoma mamia ya vitabu na kuvieleza mbele yake kimoja kimoja. Huyu ndiye aliyepita mitaani miaka ya 1940 na gari la vitabu linalokokotwa na farasi, nusu karne kabla ya Garissa, Kenya, kuanza kupeleka vitabu kwa ngamia mwaka 1996. Mamia ni mengi kwetu, arobaini yatosha. Yagawe mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vile ambavyo mtaala umewalazimisha. Sekondari za Tanzania, wengi wamepitia Watoto wa Maman'tilie ya Emmanuel Mbogo na Takadini ya Ben Hanson. Kenya, Chozi la Heri ya Assumpta Matei ilikuwa kitabu teule cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kabla ya kupokewa na Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Visome upya kama hadithi, na usahau kabisa "maudhui" na "fani". Hicho cha Mbogo ni kisa cha watoto waliofukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, na mama yao anahangaika na chakula cha kuuza. Kijana wa Manzese au Mabatini hahitaji kufafanuliwa neno. Lakini amekutana nacho kwa njia ya swali la mtihani lenye hoja sita na mifano, kwa hiyo siku anapomaliza kidato cha nne anakifunga na kuzifunga riwaya zote pamoja nacho. Ukishajua alichochoshwa nacho, utajua usianze kumpa nini.

Fungu la pili ni vilivyoandikwa kwa ajili ya rika lenyewe. Marekani watu huanza kuhesabu na The Outsiders ya S. E. Hinton, iliyotoka mwaka 1967 mwandishi akiwa na miaka 18. Msichana aliyeona hakuna kitabu kinachosema habari za wenzake kama zilivyo, akakiandika. Kwetu, Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza mwaka 1991, na baadaye ikaja Tuzo ya Burt ya shirika la CODE la Kanada, iliyochapisha hadithi za vijana Tanzania, Kenya, Ghana na Ethiopia, nyingi kwa Kiingereza. Nakala ziligawiwa mashuleni. Kwa hiyo kabla ya kununua, omba ufunguo wa stoo. Usishangae kukuta maboksi ambayo hayajafunguliwa. Kwa Kiswahili, mahali pazuri pa kuanzia ni Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996.

Unaposoma fungu hili, jiulize mambo manne. Nani anasimulia, na ana umri gani? Watu wazima wako wapi: wanamzuia, wanamsaidia, au hawapo? Jambo kubwa linapotokea, nani anaamua la kufanya? Na mwisho, mwandishi amemwachia msomaji, au amemleta shangazi kutoa hotuba? Swali la nne ndilo linaloangusha vitabu vyetu vingi vya ziada. Hadithi inakwenda vizuri kurasa tisini, kisha mwalimu mkuu anasimama mstarini na kutueleza madhara ya makundi mabaya. Hotuba hiyo kijana anaipata nyumbani bure, tena na chai. Kitabu cha namna hiyo sikikatai kabisa, ila sikiweki mbele.

Fungu la tatu ni vinavyosomwa chini ya dawati, na hapa wakutubi wengi hukunja uso. Riwaya za upelelezi za Willy Gamba za Elvis Musiba na za Joram Kiango za Ben Mtobwa hazikuandikiwa watoto wa shule, lakini uliza mtu yeyote mwenye miaka hamsini leo aliyependa kusoma, atakuambia alizipata kwa kupokezana mabwenini mpaka jalada likatoka. Kulikuwa na vibonzo vya Sani. Leo kuna simulizi za WhatsApp na Facebook zinazokatwa vipande, sehemu ya 1 hadi ya 60, na ya mwisho unalipia. Kuna jarida la Fema, linalofika sekondari nyingi za Tanzania, na Shujaaz ya Kenya, vibonzo vya bure vya Kisheng tangu 2010. Soma sehemu kumi za simulizi moja ya simu. Lugha itakukera, alama za uandishi zitakukera zaidi, lakini angalia ufundi wa kukata kila sehemu palepale ambapo huwezi kuacha. Msichana anayesoma sehemu 60 kwenye kioo kilichopasuka, kwa bando la kuazima, ni msomaji tayari. Tatizo ni kwamba hajui kuwa kwetu kuna kinachofanana na hicho.

Kwa kila kitabu andika kadi ya nusu karatasi. Hii ni mfano:

"Siku Njema. Ken Walibora, 1996. Msimulizi: Kongowea Mswahili, tangu utotoni Tanga. Mama mwimbaji wa taarabu, anafariki. Safari ndefu mpaka Kitale kumtafuta baba. Kwa nani: apendaye visa vya njiani; aliyelelewa na ndugu. Tahadhari: mateso mikononi mwa walezi. Kiswahili: kitamu, kizito kidogo kwa kidato cha kwanza."

Mstari wa "kwa nani" ndio wenye thamani. Ukishindwa kuujaza, bado hujakisoma kitabu, umekipitia tu.

Anayetaka kusomea taaluma yenyewe kwa cheti ana njia: chuo cha Bagamoyo kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Moi kule Eldoret, au Makerere ambako shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1963. Mwongozo wa IFLA unapatikana bure mtandaoni. Usome baada ya zile kadi arobaini.

Hatua ya 4: Panga rafu moja tu

Rafu ya vijana usiiweke karibu na ya watoto, maana hakuna wa kidato cha tatu atakayekubali kuonekana chini ya picha ya sungura. Wala usiiweke mbele ya macho ya kaunta. Iweke njiani kuelekea kwenye ile soketi.

Vitabu vikae uso mbele, jalada likionekana, hata kama rafu itabeba kumi na tano tu kwa mara moja. Vilivyobaki viwe kabatini, ubadilishe kila Jumatatu. Namba ya Dewey (mfumo wa namba za kupangia vitabu maktabani) ya fasihi ya Kiswahili, 896.392, ibaki kwenye mgongo kwa ajili yako. Kwa wao tumia kipande cha utepe wa rangi. Mwekundu upelelezi, bluu mapenzi, kijani safari na vituko, mweusi vya kutisha. Hawatakuuliza maana ya rangi zaidi ya mara moja.

Nunua kwa mpango huu: vitabu vitano, nakala nne nne, halafu vilivyobaki nakala moja moja. Hizo nne nne ndizo zitakazozaa klabu, kwa sababu kitabu kikisomwa na marafiki wanne kwa wakati mmoja kinajitangaza. Na ujifunze kukataa misaada. Kontena la ensaiklopidia za zamani na vitabu vya kodi za nchi nyingine linajaza rafu, linaua macho, na kulitupa baadaye kunahitaji barua tatu. Andika waraka mfupi unaosema unapokea nini na hupokei nini, uutoe kabla kontena halijapakiwa.

Hatua ya 5: Nadi

Kitabu kinanadiwa, hakipendekezwi. Kupendekeza ni kazi ya mwalimu, na kijana ameshapendekezewa vya kutosha. Kunadi ni dakika moja na nusu, umesimama, kitabu mkononi, unasimulia mpaka ukingoni kisha unanyamaza. Kwa mfano: "Kuna mtoto wa Tanga. Mama yake anaimba taarabu, mji mzima unamjua. Baba hamjui. Siku mama anafariki, mtoto anabaki na walezi ambao hawamtaki, na anachojua juu ya baba yake ni kwamba yuko mbali, Kenya, Kitale huko. Hana nauli. Anaondoka." Hapo ukifunge, ukiweke mezani, uendelee na kingine.

Masharti ni machache. Usinadi kitabu ambacho hukukimaliza, kwa sababu yuko mmoja atakayekuuliza mwisho wake kukupima. Usitamke neno "kinafundisha". Usinadi zaidi ya vinne kwa kikao. Na uwe na nakala palepale. Kunadi kitabu kilichoazimwa ni kuwatesa watu.

Kunadi kwa mmoja mmoja ni rahisi zaidi, na ndiko kunakoleta mavuno. Subiri anaponyanyua kichwa kutoka kwenye daftari.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hesabu zimeisha?"

"Bado. Nimepumzika tu."

"Basi pumzika na hiki. Kurasa tano. Kikikuchosha nirudishie."

Unaondoka. Usisimame juu yake, usirudi kuuliza. Atakileta mwenyewe, ama kwa sababu kimemchosha (hiyo nayo ni taarifa, iandike kwenye kadi) au kwa sababu saa ya kufunga imefika na yuko ukurasa wa thelathini.

Hatua ya 6: Rahisisha kuazima

Hapa ndipo kazi yote iliyotangulia huangukia. Kijana amefika ukurasa wa thelathini, unamwambia alete picha mbili, ada ya mwaka, na fomu yenye saini ya mdhamini. Mdhamini wake ni mama anayerudi sokoni saa mbili usiku. Kijana anaacha kitabu, harudi.

Kama kanuni za taasisi yako huwezi kuzibadilisha, tumia njia ya kusubirisha. Weka boksi la viatu nyuma ya kaunta. Kijana anaandika jina lake la utani na ukurasa kwenye kipande cha karatasi, anakibana kwenye kitabu, kitabu kinaingia boksini mpaka kesho. Hakitoki nje, hakihitaji mdhamini, na hakuna kanuni iliyovunjwa. Boksi likianza kufurika, lipige picha, umwonyeshe mkuu wako wa kazi na umwombe kadi za vijana zenye saini ya mwalimu mmoja kwa darasa zima.

Vitabu vitapotea. Vihesabu kama chaki, kitu kinachotumika na kuisha, na uweke fungu dogo la kuvirudishia. Maktaba isiyopoteza kitabu hata kimoja mara nyingi ni ile isiyoazimisha.

Jambo la rejista nalo. Daftari la kuazima lililo wazi kaunta, kila mtu anasoma nani amechukua nini. Msichana aliyechukua kitabu cha hedhi au mimba, au mvulana aliyechukua cha ulevi wa baba, hatachukua cha pili. Andika namba ya kadi badala ya jina, funga daftari. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina yake ya 2019, kwa hiyo bosi akiuliza, una pa kuegemea.

Hatua ya 7: Klabu, lakini yao

Jumamosi mchana, saa nane hadi saa kumi, ili wasichana wafike nyumbani mapema. Isimame wakati wa mitihani, na Ramadhani isogezwe asubuhi. Watu wazima wawili wawepo wakati wote, mlango wazi. Hilo halina mjadala. Meza moja iruhusiwe kelele.

Mwenyekiti awe kijana, na kazi yako iwe kuleta nakala na kukaa kimya. Swali moja nimelipiga marufuku: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Likitoka tu, migongo inanyooka na majibu ya mtihani yanaanza kumiminika. Maswali yanayofanya kazi ni ya umbea. Nani humo ndani hungempa simu yako akushikie? Angekuwa mtaani kwenu, angekuwa nani? Ulitaka kufunga kitabu wapi? Mwandishi amedanganya wapi? Hilo la mwisho limewahi kuzua ubishi wa saa nzima juu ya kama kondakta anaweza kweli kumpandisha mtoto bure mpaka mkoa mwingine, na kila mtu alirudi kitabuni kutafuta ushahidi.

Hatua ya 8: Jiandae kwa mzazi mwenye hasira

Atakuja, na kitabu mkononi, ukurasa umekunjwa. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni kwa jinsi ilivyosimulia maisha ya msichana wa Ukerewe, na baadaye ikawa kitabu cha kusomwa sekondari. Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilivipiga marufuku mashuleni vitabu kadhaa vya watoto, vikiwemo vya Diary of a Wimpy Kid. Kwa hiyo kwanza ujue uko upande gani: maktaba ya shule inafuata vitabu vyenye ithibati ya Kamishna wa Elimu, na katazo likija unatekeleza siku hiyohiyo.

Malalamiko ya mtu mmoja ni jambo jingine. Mkaribishe kiti, msikilize mpaka mwisho, kisha mpe fomu yenye maswali matatu: umekisoma chote? Sehemu gani imekukera? Ungependa mwanao asikisome, au asikisome mtu yeyote? Wengi, wakifika swali la tatu, huchagua la mwanao, na hiyo ni haki yao kama wazazi. Andika kwenye kadi ya mtoto, basi. Atakayetaka kiondolewe kabisa, fomu yake iende kwenye kamati, na kitabu kibaki rafuni mpaka kamati ikae. Ile kadi ya nusu karatasi, yenye mstari wa tahadhari, ndiyo utakayoipeleka kikaoni. Mkutubi anayeweza kusema "nimekisoma, na nilimpa nani, na kwa nini" ni vigumu kumshinda.

Wakati wa kuanza

Kama unaweza kuchagua mwezi, chagua Novemba. Kidato cha nne wanamaliza mtihani mwezi huo, matokeo yanatoka Januari, na kidato cha tano huanza Julai. Hapo katikati kuna vijana waliozoea kuamka saa kumi na moja alfajiri na sasa hawana pa kwenda. Nenda shuleni wiki ya mwisho ya mtihani na orodha ya nafasi sita za kujitolea: wawili wa kupanga jalada mbele kila Jumatatu, wawili wa kunadi kwa wadogo zao wa darasa la saba, mmoja wa boksi la viatu, mmoja wa kuandika kadi mpya. Waandikie barua ya utambulisho yenye muhuri, maana ndiyo wanayoihitaji kuonyesha nyumbani.